Mama, nondo na Kihispania

Aghalabu mashujaa husifiwa kwa namna walivyokufa. José Rizal wa Ufilipino alipigwa risasi na Wahispania mwaka 1896, na hapo ndipo wengi huanzia. Mimi naanzia Calamba, alikozaliwa mwaka 1861, mtoto wa saba miongoni mwa kumi na mmoja. Babake, Francisco Mercado, alikodi mashamba ya watawa wa Kidominiko. Mamake, Teodora Alonso, ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza.

Usiku mmoja mama huyo alikuwa akimsomesha kitabu cha Kihispania. Mtoto, ambaye hakuimudu lugha hiyo, akawa anatazama wadudu walioizunguka taa. Ndipo mama alipomfasiria kwa Kitagalog kisa cha nondo mchanga aliyeungua, na mtoto akatega sikio. Rizal mwenyewe aliyasimulia hayo baadaye.

Naam, walimu wenzangu, ni mtoto huyo aliyeandika riwaya ya Noli Me Tangere (1887) kwa Kihispania. Sijui kanuni yoyote ya isimu inayodai lugha ya nyumbani izibwe mdomo ili ya kigeni ipate kusema. Kwa hiyo nastaajabu kwamba nchi inayomwadhimisha Rizal kila tarehe 30 Desemba iliondoa kwa sheria, mwaka 2024, ulazima wa kuwafundisha watoto wa madarasa ya chini kwa lugha za mama zao.