Ngazi za Mchezo, Ngazi za Imani

Katika mazungumzo ya makatekista limeletwa wazo hili: kwa kuwa watoto wanashinda kwenye michezo ya simu, nasi tuwape alama, na biskuti kwa kila alama, wanapohudhuria mafundisho. Nia ni njema. Ila twaona kwamba wazo hilo limechukua katika michezo hiyo sehemu iliyo hafifu.

Tuutazame mchezo wenyewe. Ulio mzuri humpa mtoto kazi inayomzidi kidogo, humwonyesha papo hapo alipokosea, humruhusu kurudia bila aibu. Akishinda, tuzo yake ni uwezo mpya: mlango uliomkataa jana, leo unafunguka. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa hayo hayo, na darasani twayasahau. Lakini ipo michezo ya namna nyingine. Candy Crush Saga, iliyotoka mwaka 2012, humpa mtu nafasi tano za kushindwa. Zikiisha, angoje dakika 30 apate moja, au alipe. Ngazi za namna hiyo hazimkuzi mtu, zamfunga.

Kanisa nalo lina ngazi, tena za kale. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri Weupe wawaandae wakatekumeni kwa miaka minne kabla ya Ubatizo. Ibada ya kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, iliyotolewa Roma mwaka 1972, yapanga hatua zake: mtu hutiwa alama ya msalaba, huweza kupewa kitabu cha Injili, baadaye hukabidhiwa Kanuni ya Imani na Sala ya Bwana, na ile Kanuni huitamka kwa kinywa chake mwenyewe. Kila anachopewa ni cha kutumiwa katika hatua inayofuata.

Hapa kwetu Kamina, mara nyingi hatua zimebaki kuwa miaka tu. Mtoto huandikwa mwaka wa kwanza, kisha wa pili, wala hajui ni nini alichopata kati ya Pasaka mbili. Si ajabu simu ikamvuta.

Basi twapendekeza: aliyekwisha kuijua Baba Yetu aiongoze juma lile lile katika sala ya jumuiya yake. Anayesoma vizuri asome somo, wazee wakimsikiliza. Asiyejua kusoma, nao si wachache, aanzishe zaburi kwa kuimba. Fedha ya biskuti inunue vitabu vya nyimbo. Na biskuti zikipatikana, zigawiwe watoto wote siku ya Noeli, bila kuhesabu alama.