Tamthilia ya Kiswahili ina watahiniwa, haina hadhira

Kila mwaka, kabla ya msimu wa mitihani kuwadia, wanafunzi wa shule za upili humiminwa kutoka mabasini na kuingizwa kumbini kutazama tamthilia iliyoteuliwa kwa ajili ya KCSE. Ilikuwa hivyo enzi ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, ikawa hivyo kwa Mstahiki Meya ya Timothy Arege na Kigogo ya Pauline Kea, na haikubadilika ilipofika zamu ya Bembea ya Maisha, nayo pia ya Arege. Ukumbi hujaa pomoni. Mgeni akiuchungulia aweza kudanganyika kwamba tamthilia ya Kiswahili imestawi nchini Kenya. Basi na arejee ukumbi uo huo siku ya Jumamosi jioni, ichezwapo tamthilia ya Kiswahili isiyotahiniwa, ahesabu viti.

Neno hadhira lina nasaba moja na hudhuria, mahudhurio na hadharani. Mzizi wake wa Kiarabu wahusu kuwapo. Lakini kuna kuwapo na kuwapo. Mwanafunzi ambaye jina lake limetiwa alama katika daftari la mwalimu yupo, ila hakuja, ameletwa. Ajabu ni kwamba sisi walimu wa fasihi simulizi ndio tunaomfundisha kuwa fanani na hadhira hutegemeana, kwamba hadhira huitikia, huimba, huuliza na hata kumkosoa msimulizi. Tukisha kumfundisha hayo tunamketisha kimya, kalamu mkononi, akisubiri maneno yanayoelekea kuwa dondoo la mtihani. Kundi la waigizaji likithubutu kubuni tukio ambalo halimo kitabuni, mwalimu hulalamika kuwa wanafunzi wake watapotoshwa. Matokeo yake waigizaji nao hukariri kitabu, na jukwaa likawa mwongozo wa mtihani wenye miguu.

Siwalaumu waigizaji hao. Ndiyo riziki yao, na aghalabu hiyo ndiyo tamthilia ya kwanza ambayo mtoto wa kijijini ataiona maishani mwake. Swali langu ni hili: mbona huwa pia ndiyo ya mwisho?

Wapo wanaojibu upesi kwamba Mkenya hana desturi ya kutazama michezo ya kuigiza. Jibu hilo halisimami mbele ya historia. Mwaka wa 1977, huko Kamiriithu, Limuru, wakulima na vibarua walijijengea ukumbi wa wazi wakaigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kigikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wanakijiji walisimama wakitazama, wakasahihisha lugha na nyimbo, na hata namna mzee anavyopaswa kusema na kusimama jukwaani. Siku ya onyesho la kwanza ilipofika, hadhira ilikuwa imekwisha kujengwa kwa miezi kadhaa, kwa sababu mchezo ulikuwa wao. Serikali iliupiga marufuku kabla ya wiki saba kutimia, na mwaka wa 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Hapakuwa na mtihani hata mmoja uliowavuta watu pale. Katika miaka ya 1990 naye marehemu Wahome Mutahi alizipeleka tamthilia zake za Kigikuyu katika mabaa, akawafuata watu walikokuwa wameketi tayari.

(Ikiwa mtu angali anashuku kiu hii, na akumbuke Nakuru, Aprili 2025. Wasichana wa Butere walipofika na mchezo wao wa Echoes of War katika tamasha la kitaifa la drama, polisi walirusha vitoza machozi kuwatawanya watu waliokusanyika. Wasichana waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Sijui tangazo la biashara ambalo lingeutafutia mchezo wa shule watazamaji wengi kiasi kile.)

Tutazame pia mpira. Hakuna shule inayotahini historia ya Gor Mahia au AFC Leopards, ilhali mashabiki wake hurithishana mapenzi hayo kama shamba. Mtoto hupelekwa uwanjani na baba au mjomba, hufundishwa nyimbo kabla ya kuelewa sheria ya kuotea, na akikua hujiona kuwa ana haki ya kumzomea kocha. Haki hiyo ya kuzomea ndiyo hatumpi mtazamaji wa tamthilia. Wala hatumpi mjomba wa kwenda naye, kwa kuwa maonyesho yetu mengi ya vitabu vya shule hufanyika siku za kazi, mchana, saa ambazo mzazi yuko kibaruani.

Mtihani wa mwisho wa KCSE chini ya mfumo wa 8-4-4 umepangwa kufanywa mwaka wa 2027, na shule za sekondari ya juu katika mtaala mpya zina mkondo mzima wa sanaa na michezo. Nahofia kwamba tutahamisha mazoea yale yale tukayabadilisha jina tu. Yapo mambo ambayo hayahitaji waraka wa wizara. Kundi linaloigiza kitabu cha mtihani asubuhi laweza kukirudia jioni katika ukumbi wa mtaa, uwe Kaloleni au Tononoka, na mwanafunzi akaruhusiwa kuingia tena bila malipo iwapo atakuja na mtu mzima aliyelipa. Mwalimu aweza kuwaambia wanafunzi waache kalamu darasani, kisha awape nusu saa ya kuwahoji na kuwabishia waigizaji pale pale. Na michezo ya Kiswahili inayoshinda katika tamasha la shule, ambayo leo huzikwa mara tu vikombe vinapokabidhiwa, yaweza kurejeshwa katika soko na uwanja wa kanisa wa kijiji ilikotoka, ili mama aliyeuza kuku kulipia nauli ya mwanawe ajue alilipia nini.