Ziara za watoto wanaosomea nyumbani: Nani abebe dhamana?

KWA miaka mingi wazazi wa Marekani wanaowafundisha watoto wao nyumbani wamekuwa wakiulizwa swali moja: mtoto asiyekwenda shule atajifunza wapi kuishi na wenzake? Jibu la wengi wao limekuwa ni ziara za kimasomo za pamoja.

Familia kumi au ishirini hukubaliana siku, kwa kawaida katikati ya wiki wakati watoto wengine wamo darasani. Huenda makumbusho, shamba la ng'ombe wa maziwa, kituo cha zimamoto, mahakamani au katika bunge la jimbo. Watoto huuliza maswali, hula chakula cha mchana pamoja na kucheza kabla ya kurejea makwao.

Kwa mtazamaji wa mbali hilo ni jambo dogo. Hata hivyo, ziara hizo zimekuwa kipimo cha suala zima la elimu ya nyumbani. Familia inapoiacha shule haiachi darasa peke yake. Inaacha pia basi, bima, mwalimu wa zamu, barua yenye muhuri na bei nafuu ya kundi.

Vyote hivyo havina budi kurudishwa na mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ni mzazi mmoja anayejitolea, asiye na ofisi, cheo wala mshahara.

Kundi lililokua

Elimu ya nyumbani si jambo la pembezoni tena nchini Marekani. Kufikia mwaka 1993 ilikuwa halali katika majimbo yote 50. Takwimu za serikali kuu zinaonyesha kwamba mwaka 1999 watoto wapatao 850,000 walikuwa wakisomea nyumbani, na kufikia mwaka 2012 idadi hiyo ilikaribia milioni 1.8.

Ugonjwa wa korona uliongeza kasi hiyo. Kwa mujibu wa utafiti wa idara ya sensa, mwanzoni mwa janga hilo mwaka 2020 asilimia 5.4 ya kaya zenye watoto wa umri wa shule zilisema zinafundisha nyumbani. Miezi michache baadaye zilikuwa asilimia 11.1. Miongoni mwa kaya za Wamarekani Weusi kiwango kilipanda kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1.

Ongezeko hilo lilibadili sura ya wanaosafiri pamoja. Katika miaka ya 1980 na 1990 harakati hizi zilihusishwa zaidi na familia za Wakristo wa msimamo wa kihafidhina. Sasa wamo pia Waislamu, wazazi wasiofuata dini yoyote, wahamiaji, na wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu.

Wenye milango nao waliona mapema kwamba hapa kuna wageni wa siku ambazo kumbi huwa tupu. Vijiji vya kihistoria kama Colonial Williamsburg, katika jimbo la Virginia, na Old Sturbridge Village, huko Massachusetts, vimekuwa vikitenga siku maalumu kwa ajili ya familia hizo.

Mlango wa shule, ufunguo wa familia

Tatizo ni kwamba taratibu nyingi za ziara ziliandikwa kwa ajili ya shule. Fomu huuliza jina la shule, darasa na mwalimu mkuu. Kundi la familia halina majibu hayo. Lina mtoto wa miaka sita, kaka yake wa miaka kumi na mitatu na mdogo wao anayebebwa mgongoni, wote wakiwa wageni wa siku moja.

Mratibu hulazimika kutafuta idadi ya chini inayotakiwa, kukusanya fedha na kulipa kwa mkupuo. Familia mbili zikijitoa asubuhi ya safari kwa sababu mtoto ana homa, bei ya kundi inaweza kupotea na hasara ikamwangukia yeye. Ndiyo maana makundi yenye uzoefu hukusanya malipo mapema na kutangaza tangu mwanzo kwamba hayarudishwi.

Hata msaada wa serikali umewahi kubeba mkanganyiko huo. Mwaka 2015 utawala wa Rais Barack Obama ulianzisha mpango wa kuwapa wanafunzi wa darasa la nne kibali cha kuingia bure hifadhi za taifa, na mwaka 2019 Bunge liliuingiza katika sheria. Watoto wa miaka 10 wanaosomea nyumbani hawakusahauliwa. Lakini kibali hicho kilimlenga mtoto na watu walio naye katika gari lake, si kundi la familia ishirini zilizoongozana.

Zipo sehemu ambako kiingilio si kikwazo kabisa. Makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi mjini Washington, yaliyofunguliwa mwaka 2016 na kuongozwa kiusanifu na David Adjaye, mzaliwa wa Dar es Salaam, hayatozi ada. Hata huko, kundi linalotaka kuingia pamoja linahitaji mtu wa kuweka nafasi mapema na kuhakikisha kwamba wote wanafika kwa wakati.

Mtoto akiumia

Suala zito zaidi ni dhamana. Mwanafunzi wa shule ya umma akivunjika mkono katika ziara, inajulikana ni nani wa kuulizwa: wilaya ya elimu, dereva wake na bima yake. Mtoto wa familia jirani akiumia ndani ya gari la mzazi aliyejitolea, jibu huanza kutafutwa siku hiyo hiyo.

Wengi hudhani kwamba karatasi iliyosainiwa na wazazi kabla ya safari inamaliza mambo. Haimalizi. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Ohio ilikubali hati ya mzazi iliyowakinga watu wa kujitolea katika klabu ya soka ya watoto. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya New Jersey iliamua kwamba mzazi hawezi kuifuta kwa saini haki ya mtoto wake ya kudai fidia kwa uzembe wa kiwanja cha burudani cha kibiashara.

Maana yake ni kwamba karatasi ile ile inaweza kuwa ngao katika jimbo moja na karatasi tupu katika jimbo jingine. Kundi linalovuka mpaka wa jimbo kwenda kutembelea makumbusho huvuka pia mpaka wa sheria, pengine bila kujua.

Kwa hiyo makundi makini yamejiwekea masharti: kila mtoto aje na mzazi au mtu mzima aliyetajwa kwa maandishi, kila familia ijisafirishe yenyewe, na mratibu asipokee mtoto wa mtu. Masharti hayo yanapunguza hatari. Lakini yana gharama ambayo haitajwi mara nyingi.

Mzazi anayefanya kazi ya kibarua mchana hawezi kuandamana na mwanawe siku ya Jumatano. Asiye na gari hafiki shambani. Basi la shule, pamoja na kasoro zake zote, lilikuwa likimbeba mtoto wa tajiri na wa maskini kwa pamoja. Msafara wa magari binafsi hauwezi kudai hivyo.

Sheria zinazotofautiana

Majimbo yenyewe hayasemi kwa sauti moja. Texas haimtaki mzazi anayefundisha nyumbani ajiandikishe wala kutoa taarifa, na uamuzi wa mahakama ya juu ya jimbo wa mwaka 1994 ulizihesabu shule za nyumbani zinazofuata mtaala kuwa shule binafsi. Pennsylvania, kwa sheria ya mwaka 1988, inadai siku 180 za masomo au saa 900 kwa mwaka katika ngazi ya msingi na 990 katika sekondari, pamoja na jalada la kazi za mtoto.

Kwa mzazi wa Pennsylvania ziara iliyoandikwa vizuri ni sehemu ya ushahidi. Kwa yule wa Texas ni hiari yake.

Fedha za umma nazo zimeongeza moto. Arizona mwaka 2022 iliufungua kwa watoto wote mpango wake wa kuwapa wazazi fedha za elimu nje ya shule za umma, na Florida ikapanua mipango yake mwaka 2023. Huko Florida mjadala ulizuka ilipobainika kwamba tiketi za viwanja vikubwa vya burudani zimo katika orodha ya manunuzi yanayoruhusiwa. Mstari kati ya somo na matembezi, ambao zamani ulikuwa wa familia, sasa unamhusu mlipa kodi.

Ujerumani ilichagua njia nyingine, kwa kulazimisha watoto wote wahudhurie shule. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa malalamiko ya wazazi wa huko, ikizingatia hoja kwamba jamii ina maslahi katika kuzuia kuibuka kwa jamii zinazoishi sambamba bila kukutana. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto anahudhuria shule, na wazazi wanaofundisha nyumbani wamewahi kuifikisha hoja yao mahakamani.

Hapo ndipo ziara ya kundi inapokuwa hoja, si burudani. Kama kundi linapokea tu familia zinazotia saini tamko la imani moja, kama ilivyo kwa baadhi ya makundi ya Marekani, basi watoto watatembelea makumbusho mengi bila kukutana na asiyefanana nao. Kundi linalofungua mlango linawajibu wakosoaji bila kulazimika kutoa hotuba.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wazazi walioiacha shule ili wawe huru wamejikuta wakiijenga upya kidogo kidogo: daftari la mahudhurio, mweka hazina, kanuni za usalama na ratiba. Hilo si kushindwa. Ni ushahidi kwamba mtoto hulelewa na wengi.

Kilichobaki ni kazi hiyo kufanywa kwa uwazi. Makumbusho na hifadhi zinaweza kuandika fomu inayolitambua kundi la familia kama linavyolitambua darasa. Mabunge ya majimbo yanaweza kueleza wajibu wa mzazi anayejitolea unaanzia na kuishia wapi. Makundi nayo yanaweza kutenga viti viwili katika gari kwa mtoto ambaye mzazi wake yuko kazini, kwa makubaliano ya maandishi na bima inayoeleweka.

Bila hayo, mzigo wote utaendelea kubebwa na mratibu yule yule, hadi siku atakapochoka, na ziara ikome.