Nguo ya msaada nayo iweze kukataliwa

Mwisho wa mwaka ukikaribia, au likitokea janga kama maporomoko ya matope ya Hanang ya Desemba 2023, wenye makabati yaliyojaa huyafungua na kutoa nguo wasizozihitaji. Moyo huo ni mwema, wala simlaumu mtoaji kwa kutoa. Ninachohoji ni njia anayotumia. Nguo ya kugawiwa bure humfikia mtu asiye na nafasi ya kuikataa, na hapo ndipo msaada mwingi unapoharibika.

Tazama mtumba unavyouzwa mahali kama Kisorya, ambako barabara ya kutoka Bunda inaishia ziwani na wasafiri wa Ukerewe husubiri kivuko cha kwenda Rugezi. Mnunuzi hana aibu. Ananyanyua shati juani aone kama kitambaa kimelika, anageuza kola, anakagua kwapa, anapandisha na kushusha zipu, kisha analirudisha kwenye turubai na kwenda zake. Muuzaji naye hawezi kumlazimisha, ingawa amelipia robota la kilo 45 au zaidi likiwa limefungwa, na likifumuka makoti ya theluji hasara ni yake. Nyingi ya nguo hizo zilianza safari kama sadaka: mtu wa Ujerumani au Marekani alizitumbukiza kwenye sanduku la shirika la hisani, shirika likaziuza kwa wafanyabiashara, nao wakazichambua kwa gredi na kuzisafirisha. Wapo wanaokasirika wakisikia kwamba sadaka yao imeuzwa. Mimi naona kuuzwa huko ndiko kulikoiokoa, maana imechujwa na mchambuzi, ikachujwa tena na mteja mwenye hela yake mkononi, hata kama hela yenyewe ni shilingi elfu moja.

Sadaka isiyopita sokoni haina mchujo wa namna hiyo. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, nguo za msaada zilirundikana pwani ya Indonesia mpaka zikaoza, huku watu waliopoteza nyumba wakihitaji vitu vingine kabisa. Hapa nyumbani hatuhitaji tsunami kuliona hilo. Suruali isiyo na zipu, sidiria iliyolegea, kiatu cha mguu mmoja: vyote hutiwa kwenye mfuko mmoja na kupelekwa kituo cha watoto yatima, na mlezi wa kituo anapaswa kushukuru, pengine kupigwa picha, ndipo akatafute pa kuvichomea. Tukumbuke kwamba kanuni za viwango zinakataza kuingiza nchini nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa. Iweje tunachokizuia bandarini tukipeleke kwa yatima?

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo ni kwamba soko hilohilo la mitumba ninalolisifu ndilo lililoua viwanda. Halipuuziki. Utafiti wa mchumi Garth Frazer, uliochapishwa mwaka 2008, ulikadiria kwamba nguo kuukuu zinazoagizwa zilichangia kama asilimia 40 ya kuporomoka kwa uzalishaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000. Mkoa wa Mara, unaolima pamba, unajua habari za kiwanda cha nguo cha Mutex cha Musoma na kuyumba kwake. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za ushuru za mpango wake wa AGOA, Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza msimamo, na Rwanda iliyoshikilia wake ikasimamishiwa nafuu hizo kwa nguo zake mwaka 2018. Lakini anayeitumia hoja hii kutetea ugawaji wa bure anajipinga mwenyewe. Kama fundi cherehani hawezi kushindana na shati la shilingi elfu mbili, atashindanaje na la bure?

Wengine watasema aliye uchi hachagui, na kidogo si haba. Kwa usiku wa kwanza baada ya nyumba kusombwa, sawa, blanketi lolote ni blanketi. Lakini umaskini wa kila siku si mafuriko. Mama anayeanika dagaa Kisorya anajua nguo ipi itamfaa kazini, ipi ataivaa kanisani na ipi hataivaa mbele ya wakwe zake, na kumpelekea furushi bila kumuuliza ni kumtendea kana kwamba hajui.

Kwa hiyo, mtoaji aulize kwanza. Atandaze nguo, watu wachague, na zinazobaki arudi nazo kwake. Zilizochakaa azikate matambara ya kupigia deki badala ya kuziita msaada. La kufaa zaidi ni auze zilizo nzuri, na hela ampe fundi wa pale pale kijijini ashone sare. Ada za shule za serikali hadi kidato cha nne ziliondolewa kuanzia Januari 2016, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi, na fulana ya Ujerumani, iwe nzima kiasi gani, si sare. Januari ikikaribia, mpelekeni mtoto mmoja kwa fundi akapimwe.