Tamasha la hisani ni la usiku mmoja, mwalimu ni wa miaka mingi

Muziki wa chemba ni muziki wa watu wachache. Wapigaji watatu, wanne au watano huketi pamoja bila kiongozi wa kuwaelekeza kwa kijiti, na kila mmoja hubeba sauti yake mwenyewe. Nchini Kenya na Uganda, vijana waliojifunza fidla, selo na tarumbeta kupitia miradi ya kijamii hualikwa kupiga muziki wa aina hii, na pia ule wa okestra na bendi kubwa, mbele ya wageni wanaochangia fedha. Wasikilizaji hupiga makofi, kiasi kilichopatikana hutangazwa, na watu hurudi makwao. Kwa mkazi wa Busia, Tororo au kaunti ndogo ya Sop Sop, swali linalobaki ni rahisi kulitamka lakini gumu kulijibu: fedha hizo hununua nini, na hufika wapi?

Matunda yasiyokanushika

Haitakuwa haki kuidharau kazi iliyokwisha kufanyika. Mradi wa Ghetto Classics, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 katika mtaa wa Korogocho jijini Nairobi, umewafundisha muziki wa kizungu wa asili watoto wanaoishi jirani na jaa la taka la Dandora. Tamasha la Safaricom Jazz, lililoanza mwaka 2014, lilielekeza mapato yake kwenye mradi huo. Nchini Uganda, kundi la M-Lisada lilianzishwa mwaka 1996 na vijana waliokuwa wakiishi mitaani mjini Kampala, na ala za shaba zikawapa kazi, makazi na jina. Shirika la Brass for Africa nalo limekua kutokana na ala zilizotumika Uingereza kisha zikatolewa kama msaada.

Kinachoiunganisha miradi hii ni kwamba haikusimama juu ya tamasha peke yake. Ilidumu kwa sababu kulikuwa na walimu waliorudi kila wiki, na baadaye wanafunzi wakubwa wakaanza kuwafundisha wadogo. Hilo ndilo jambo ambalo kadi ya mwaliko wa tamasha haliandiki, nalo ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote.

Fidla moja haimtoshi mtoto

Mfadhili hupenda kununua kitu kinachoonekana, na fidla huonekana vizuri pichani. Lakini fidla za watoto hutengenezwa kwa vipimo mbalimbali, robo, nusu na robo tatu, kwa kuwa mkono wa mtoto hukua. Ala aliyopewa akiwa na umri wa miaka saba haitamfaa akifika kumi na miwili. Nyuzi hukatika, nywele za upinde huchakaa, na gundi iliyoshika mbao huachia kwa joto na unyevu. Mtoto aliyeshika upinde vibaya kwa mwaka mzima bila wa kumrekebisha huhitaji muda mrefu kuiacha tabia hiyo. Ala bila mwalimu na bila fundi hugeuka pambo la kabati.

Historia ya muziki huu huko ulikotoka inathibitisha hoja hiyo. Mwaka 1703 nyumba ya kulelea watoto walioachwa na wazazi mjini Venice, iliyojulikana kama Pietà, ilimwajiri Antonio Vivaldi kuwa mwalimu wa fidla. Wasichana waliolelewa humo walipiga muziki, wageni wakatoa sadaka, na nyumba ikaendelea kuwalipa walimu. Mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, kazi ya Handel iitwayo Messiah ilipigwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la hisani. Mapato yaligawanywa kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 waliachiwa huru. Katika miji yote miwili, aliyetoa fedha yake aliweza kuona imefanya nini.

Mpaka wenye muziki wake

Kutoka Tororo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Busia hadi Nairobi ni zaidi ya 400. Majumba ya tamasha, walimu wa nyuzi na vyuo vya muziki vimekusanyika katika miji mikuu hiyo. Hata hivyo, itakuwa kosa kuuona mpaka huu kama ardhi isiyo na muziki inayongoja kuletewa. Waiteso, wanaoishi pande zote mbili, hupiga akogo kwa makundi, ala ndogo na kubwa zikijibizana. Wapadhola wana tongoli yao ya nyuzi. Orutu ya Waluo na siiriri ya Waluhya hupigwa kwa upinde, kama fidla. Wapigaji wachache wanaosikilizana, kila mmoja akiwa na sauti yake: huo ni muziki wa chemba, hata kama haujawahi kuitwa hivyo.

Mpaka wenyewe haukuwahi kuwatenganisha wanamuziki. George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, alikuwa miongoni mwa wataalamu watano walioutunga wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963. Leo kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichozinduliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili Februari 2018, kimerahisisha safari. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu vifaa kuingizwa kwa muda bila ushuru iwapo vitarudishwa vilikotoka. Kwa hiyo mwalimu anayeishi Busia upande wa Kenya anaweza kuwafikia wanafunzi wa Tororo kwa urahisi kuliko yule wa Kampala. Kinachokosekana ni wa kumlipa.

Uchovu wa kuchangishwa

Suala hili linajitokeza wakati ambapo umma umeanza kuihoji michango yenyewe. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto wa Kenya alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Mjadala ulioendelea tangu hapo ulidhihirisha kwamba wananchi hawachukii kutoa. Wanachochukia ni kutoa bila kuonyeshwa hesabu. Tamasha la hisani haliwezi kujitenga na madai hayo kwa sababu tu muziki wake ni wa utulivu.

Wapo pia vijana wenyewe. Mara nyingi hualikwa kwa sababu ya umaskini wao, husimuliwa maisha yao jukwaani, kisha hurudi nyumbani na nauli. Mpigaji aliyefanya mazoezi kwa miaka kumi amefanya kazi, na kazi ina ujira. Kumlipa hakupunguzi hisani. Kunamwonyesha mdogo wake kwamba njia hii ina mwisho wenye riziki.

Waandaaji wa matamasha ya aina hii wanapaswa basi kujibu maswali matatu kabla ya kuuza tiketi. Ni mwalimu gani atakayelipwa, wapi, na kwa miaka mingapi? Wapigaji watapewa ujira gani? Na hesabu itachapishwa lini? Sehemu ya jibu inaweza kuwa mwalimu mmoja mwenye mshahara wa kudumu kati ya Busia na Tororo, anayefundisha fidla kwa saa moja na kumkaribisha mpigaji wa akogo au siiriri kwa saa inayofuata. Gharama yake ni ndogo kuliko ya usiku mmoja wa hoteli kubwa na maua ya mezani, na mtoto wa Sop Sop ataweza kumfikia bila kungoja kualikwa mjini.