Usifomati Hiyo Diski!

Wasee, tuambiane ukweli. Ukichomoa diski kwa seva ya nyumbani na Windows ikatae kuisoma, hiyo haimaanishi imekufa. Seva nyingi za nyumbani hutumia Linux, na data iko kwa mfumo kama ext4 au Btrfs. Windows imezoea NTFS na exFAT, kwa hivyo haielewi kitu, halafu inakushauri ufomati. Huo ndio ushauri mbaya zaidi utapata siku hiyo.

Na fundi akisema "tufomati kwanza tuone", chukua diski yako uende. Picha za shosho akiwa hai si za kujaribiwa hivyo.

Weka Ubuntu kwa flashi, washia kompyuta hapo bila kuinstoli kitu, kisha ufungue diski kwa kusoma tu. Kama zilikuwa RAID 5, moja pekee haitoshi. Zikiwa 4, unahitaji angalau 3, na programu ya mdadm kuziunganisha. Ukisikia diski inagonga tak-tak, zima, tafuta wataalamu wa kuokoa data.

Diski mpya utanunua. Shosho hapigwi picha tena.

Wewe ungebonyeza nini hapo?