Wastani Haujui Kudaka

Nimeandika makala nyingi kuhusu wadakaji wa besiboli na sijawahi kushika glavu hata siku moja. Ndiyo kazi inayolipa kodi yangu tangu niache chuo mwaka wa pili. Mteja yuko Marekani, mimi niko Roysambu. Ananitumia majedwali, nayageuza kuwa aya. Agizo lake ni lilelile: chukua asilimia ya udakaji ya mchezaji, iweke kando ya wastani wa ligi, halafu mwambie msomaji kama jamaa ni mzuri au mbaya.

Mimi nasema huo ni uongo uliovaa suti.

Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, uso umefunikwa kwa chuma. Asilimia yake hupatikana hivi: jumlisha wachezaji aliowatoa na aliosaidia kuwatoa, gawanya kwa jumla hiyohiyo pamoja na makosa yake. Inaonekana haki, si ndiyo? Lakini mrushaji akimmaliza mpigaji kwa straiki tatu, anayeandikiwa kumtoa ni mdakaji, kwa kuwa tu mpira umeishia kwenye glavu yake. Hizo ni mamia kila msimu, jasho la mwenzake. Na mpira aliopaswa kuuzuia ukimponyoka, mkimbiaji akasonga mbele, hiyo huandikwa safu nyingine kabisa. Asilimia haiguswi. Ndiyo maana wadakaji wa ligi kuu wamesongamana pale kwenye 0.99 kama abiria wa matatu ya jioni.

Mtazame Iván Rodríguez wa Puerto Rico. Misimu 21, kuanzia 1991 hadi 2011, na tuzo 13 za Gold Glove. Asilimia yake: 0.991, na wastani wa ligi enzi zake uko papo hapo. Mike Piazza, aliyesifiwa kwa gongo na kuchekwa kwa mkono wake, ana 0.989. Tofauti yao ni makosa mawili katika nafasi 1,000. Ukiishia hapo, utadhani ni mapacha.

Hebu sasa tuhesabu wezi. Mkimbiaji anaruhusiwa kuiba kituo mrushaji anaporusha, na mdakaji ana kama sekunde mbili za kuudaka mpira na kuufikisha kituo cha pili. Rodríguez alinasa asilimia 46 ya waliojaribu, wakati wastani ulikuwa kama 31. Piazza alinasa 23. Kumbe si mapacha!

Hata hapo kuna kilichofichika. Piazza alijaribiwa zaidi ya mara moja kwa kila mechi aliyodaka. Rodríguez ni kama mara sita kwa mechi kumi. Waliobaki walimtazama, wakahesabu, wakakaa kwenye kituo chao. Mtu aliyeogopa kukimbia haandikwi kwenye jedwali lolote.

Na Piazza simtupi. Wezi wengi hufaulu kwa uzito wa mrushaji, si kwa ubovu wa mkono wa mdakaji. Halafu wachambuzi walipokuja kupima ufundi wa kupokea mpira ili mwamuzi auite straiki, walirudi nyuma wakampa Piazza sifa ambazo hakuna aliyempa akiwa bado anacheza. Miaka yote hiyo wastani ulikuwa umenyamaza tu.

Haya yote niliyaandika. Mteja akajibu kwamba aliomba nambari na wastani, basi. Nyota tatu. Akaunti yangu ikashuka chini ya wastani wa waandishi wa mtandao ule, na mfumo ukanifungia kuomba kazi kwa siku 14. Hakuna binadamu aliyesoma makala yenyewe kabla ya kunifungia. Mle ndani kuna watu wana 99 kwa sababu wanaandika maelezo ya viatu pekee, na sioni ubaya, kila mtu na mkate wake. Lakini kazi za saa sita usiku zenye majedwali manne, ambazo wenyewe wanazipita, haki ya nani, nani anazichukua? Na zikiharibika, kosa linaandikwa kwa nani?

Siku hizo 14 nilikula kwa deni la duka la chini. Ya kumi na tano nikafungua akaunti, nikakuta agizo limenisubiri: mdakaji, 0.993, wastani wa ligi 0.992, maneno 300.

Nimeanza na wezi.